Simulizi za simu kwenye mkutano wa mtaa: mwongozo kamili, kuanzia ajenda hadi muhtasari

Video nyingi zinazoitwa "sauti za jamii" huishia kwenye kompyuta za wafadhili. Zimepigwa vizuri, zina muziki wa kinanda, mama analia dakika ya pili, na mwishoni nembo tatu zinapita. Mama mwenyewe hajawahi kuiona, na majirani zake ndiyo kabisa. Mwongozo huu ni wa kazi ya aina nyingine: simulizi za dakika mbili au tatu, zinazotengenezwa kwa simu na wenyewe, kwa sauti zao, ili wale ambao kwa kawaida hawasikiki kwenye mkutano wa mtaa wasikike pale na jambo lao liamuliwe.

Njia yenyewe ina historia. Mwaka 1967, kwenye kisiwa cha Fogo huko Newfoundland, Kanada, serikali ilikuwa inafikiria kuwahamisha wavuvi. Colin Low wa bodi ya filamu ya taifa aliwapiga filamu wakieleza maisha yao, kisha akawaonyesha wenyewe kwanza, kijiji kwa kijiji. Watu waliokuwa hawasemezani kwa sababu ya dini na umbali walijikuta wana shida moja. Filamu zikapelekwa kwa wakubwa, na waziri wa uvuvi naye akajibu kwa filamu. Wavuvi wakabaki kisiwani na kuunda ushirika. Mwaka 1994 huko San Francisco, Joe Lambert na wenzake walianza warsha za kuwafundisha watu wa kawaida kutengeneza simulizi fupi kwa picha na sauti zao, na mtindo ule ndio umeenea duniani. Kwetu pia haikuanza jana: miaka ya 1990 wavuvi wa Mtwara walitumia video kulalamikia uvuvi wa baruti, na Kibera, Nairobi, vijana waliochora ramani ya mtaa wao mwaka 2009 waliendelea hadi kupiga video za habari za mtaa. Ukiangalia kisa cha Fogo utaona kwamba kamera ilikuwa sehemu ndogo tu. Kazi kubwa ilikuwa nani anaonyeshwa, kwa utaratibu gani, na nani analazimika kujibu.

Hatua ya 1: Tafuta ajenda kwanza

Kabla hujashika simu, nenda ofisi ya serikali ya mtaa au kijiji ukaulize mambo matatu: mkutano ujao ni lini, nini kiko mezani, na mwenye uamuzi ni nani. Kwenye kijiji cha Tanzania, mkutano mkuu ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, na unatakiwa kukaa kila miezi mitatu, kwa hiyo unayo tarehe ya kulenga. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na mapendekezo ya vijiji na mitaa hukusanywa miezi mingi kabla. Simulizi ya barabara mbovu ikitoka mwezi wa sita, bajeti imeshafungwa. Kwa ndugu zetu wa Kenya, Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe, kwa hiyo lenga mikutano ya bajeti ya kaunti kwenye wadi, na baraza la chifu kwa mambo ya pale pale.

Ajenda iwe ndogo. "Haki za watu wenye ulemavu" haiwezi kuamuliwa na mwenyekiti wa mtaa. Kidaraja cha mbao juu ya mtaro anaweza. Mfano mwingine ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri za Tanzania: asilimia 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu. Kama mtaani kwako hakuna hata kikundi kimoja cha watu wenye ulemavu kilichoomba, hapo pana simulizi, na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye wa kuijibu.

Ukishajua ajenda, andika barua kwa mtendaji, ubaki na nakala yenye muhuri. Utaona umuhimu wake siku mtu atakapouliza nani kakuruhusu kukusanya watu.

Hatua ya 2: Tafuta wasiokuwepo

Ukimwomba mjumbe akuletee watu, atakuletea wale wale: katibu wa kikundi cha kukopeshana, kijana aliyemaliza chuo, mama ambaye ameshahudhuria semina za kila shirika. Ni watu wazuri, ila wao wanasikika tayari. Zunguka na mjumbe, kisha zunguka tena bila yeye. Waulize wauza genge na waosha pikipiki ni nyumba ipi ina mtu asiyetoka. Wafikirie dada wa kazi, wapangaji wapya, viziwi, wazee wanaolea wajukuu, vijana wa kijiweni ambao kila mtu anawasema na hakuna anayewauliza. Vyama vya watu wenye ulemavu, kama vile SHIVYAWATA (shirikisho la vyama hivyo) na CHAVITA (chama cha viziwi) upande wa Tanzania, vinaweza kukuunganisha na wanachama walio jirani.

Saa ya warsha nayo inachagua watu. Asubuhi umemkosa mama lishe. Jioni umemkosa dada wa kazi. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza kwa taa, hivyo kipindi cha mbalamwezi ndicho cha kuwapata. Kiziwi ukimwita bila mkalimani wa lugha ya alama, umemwita aje kukaa tu.

Halafu kuna suala la posho. Litaulizwa siku ya kwanza, na ni halali liulizwe. Sema mapema kabisa: nauli ipo kiasi gani, chakula kipo, posho ya kukaa haipo, na anayemwongoza asiyeona au kumsukuma mwenye kiti mwendo analipiwa nauli yake pia. Wengi wakijua hivyo watakuja. Anayekasirika, mwache akasirike mapema.

Chukua watu sita hadi wanane. Zaidi ya hapo hutaweza kumsikiliza kila mmoja.

Hatua ya 3: Duara

Hapa ndipo kazi inapofanikiwa au kufa, kwa hiyo usiwe na haraka. Kaeni kwenye mkeka au viti vilivyopangwa duara, bila meza kuu na bila bango la mradi. Kila mtu aje na kitu kimoja: picha, ufunguo, kadi ya kliniki, kiatu. Kitu kina kazi, maana mtu akiulizwa "tueleze changamoto zako" atahutubia, akiulizwa "hiki kiatu kimetoka wapi?" atasimulia.

Kama wewe mwezeshaji ni kijana na wasimulizi ni wazee, anza na shikamoo, pokea chai ukipewa, na simu ibaki mfukoni. Kama pana mkwe na mkwewe kwenye duara moja, watenganishe kimya kimya. Kuna mambo hayatasemwa pale hata mkikaa hadi magharibi. Kwa mambo ya unyumba na ukatili majumbani, wanawake wakae peke yao, na mwezeshaji awe mwanamke.

Wasikilizaji hawasahihishi wala hawashauri. Wanaruhusiwa kuuliza tu, na maswali mazuri ni mafupi: Ilikuwa saa ngapi? Nani alikuwepo? Alikwambiaje? Wewe ukafanyaje? Mtu akilia, nyamazeni, mpeni maji, na simu isiwashwe. Usiwinde machozi. Watu wa mtaa wanamfahamu huyu mtu, na kesho atapita sokoni mbele yao.

Utakutana na lugha ya semina. Sote tumefundishwa kuisema. Mtu anayeuza maandazi na kutembelea baiskeli ya magurudumu matatu anaweza kuanza hivi:

"Mimi ni mlemavu wa viungo. Changamoto tunazokutana nazo ni nyingi, ikiwemo miundombinu isiyo rafiki. Tunaiomba serikali na wadau watusaidie."

Hakuna kosa la kweli hapo, ila hakuna atakayekumbuka neno. Muulize anaamka saa ngapi. Muulize wateja wako wapi. Baada ya nusu saa ya maswali, maneno yake mwenyewe yanaweza kukaa hivi:

"Saa kumi alfajiri nawasha jiko. Saa kumi na moja na nusu maandazi yameiva. Wateja wangu wako ng'ambo ya mtaro, kituoni. Kidaraja ni mbao mbili, baiskeli yangu ina magurudumu matatu. Basi nasubiri. Kuna konda mmoja akipita ananivushia ndoo. Akija mwingine, ananivusha mimi. Mvua ikinyesha hawapiti. Siku hiyo maandazi tunakula nyumbani, asubuhi, mchana na jioni."

Serikali haijatajwa popote, lakini mwenyekiti atakayeisikia atajua ni kidaraja gani, ni mbao ngapi zinahitajika, na kwamba anayelipa gharama ya uzembe ule ana jina na jiko. Tofauti hiyo ndiyo unayoifanyia kazi siku nzima.

Hatua ya 4: Andiko

Kiswahili cha kusimulia kwa utulivu huchukua karibu maneno 100 kwa dakika, hivyo andiko la maneno 200 hadi 250 linatosha. Asiyejua kusoma haandikiwi hotuba ya kukariri. Mrekodi akisimulia, mchezee asikie, mchague pamoja vipande vya kubaki. Acha lafudhi yake. Anayesema Kimakonde nyumbani na Kiswahili sokoni asilazimishwe kusema kama mtangazaji. Na kama simulizi inatoka vizuri zaidi kwa lugha ya nyumbani, irekodi hivyo na uweke maandishi ya Kiswahili chini.

Hatua ya 5: Sauti

Watu watavumilia picha mbaya. Sauti mbaya hawaivumilii hata nusu dakika. Tafuta chumba chenye godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa, kwa sababu vitu laini hunyonya mwangwi. Zima feni na friji. Simu iwe katika hali ya ndegeni ili isiite katikati. Iweke umbali wa shibiri moja hadi mbili kutoka mdomoni, ikiwa pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Fahamu ratiba ya mtaa: adhana, wanafunzi kutoka shule, gari la matangazo. Chini ya paa la bati usijaribu kurekodi wakati wa mvua.

Rekodi mara mbili au tatu. Ya kwanza mara nyingi ina woga, lakini ina ukweli, hivyo usiifute. Kisha baki dakika moja kimya mrekodi chumba kitupu. Utahitaji kipande hicho kuziba mapengo. Rekodi pia sauti za mahali: jiko likiwaka, baiskeli ikigonga mbao, konda akiita abiria. Zitafanya kazi kuliko muziki wowote, na hazina mwenye hakimiliki. Wimbo wa Bongo Fleva una mwenyewe.

Hatua ya 6: Picha

Kumi na mbili hadi kumi na nane zinatosha. Picha za mnato zina faida kubwa kwa simu za bei nafuu, maana hazijazi memori, na msimulizi anaweza kupiga mwenyewe. Dakika moja ya video ya ubora wa 1080p yaweza kula MB 100 au zaidi. Futa lenzi kwa pindo la kanga kabla ya kila kipindi. Ukungu kwenye picha mara nyingi ni mafuta ya vidole. Piga asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Kama utaonyesha ukutani, shika simu kwa ulalo. Ya wima iache kwa ajili ya status.

Msimulizi ndiye anayeamua nini kipigwe. Mikono, vitu, njia na kivuli vinatosha kabisa bila uso. Pasipo picha ya tukio lililopita, mtoto wa nyumbani achore. Zima alama ya mahali kwenye kamera, hasa pale usalama ni jambo la kufa na kupona: kwa mtu mwenye ualbino katika maeneo ya Kanda ya Ziwa yaliyowahi kuwa na mashambulizi, picha inayoonyesha nyumba na njia ya kufika ni hatari.

Hatua ya 7: Ridhaa

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya 2019. Zote zinaichukulia ridhaa kwa uzito, na taarifa za afya kwa uzito zaidi. Lakini fomu moja yenye sahihi moja haitoshi kimaadili. Uliza kila mahali peke yake: Mkutanoni? Redioni? Kwenye kundi la WhatsApp la mtaa? YouTube? Kwa mfadhili? Mtu anaweza kukubali mbele ya majirani zake na kukataa mtandaoni, au kinyume chake, na hana haja ya kutoa sababu. Asiyeandika atoe ridhaa kwa sauti, irekodiwe. Kwa mtoto, mzazi au mlezi akubali na mtoto mwenyewe akubali. Mweleze wazi kwamba ikishaingia WhatsApp hakuna wa kuirudisha. Na kama unafikiria kufungua chaneli ya kudumu mtandaoni Tanzania, waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mapema kuhusu leseni.

Hatua ya 8: Kuhariri

CapCut, InShot au KineMaster, yoyote iliyoko kwenye simu. Laza sauti kwanza mpaka ikae sawa, ndipo uweke picha juu yake, kila moja karibu sekunde kumi. Madoido ya kupindua na kumeremeta yaache.

Kisha ujumuishi wenyewe. Weka maandishi chini, mistari isizidi miwili, herufi nyeupe juu ya ukanda mweusi. Maandishi peke yake hayawatoshi viziwi, kwa sababu wengi hawakupata shule ya kuwafaa. Mweke mkalimani wa lugha ya alama pembeni ya picha, na asiwe mdogo kama stempu. Kwa asiyeona, jaribio ni rahisi: fumba macho usikilize. Kama hujui mbao zilikuwa mbili, ongeza sentensi. Simulizi inayopita jaribio hili inafaa pia redioni, na redio za jamii kama Pangani FM zinafika kwenye nyumba ambazo bando halifiki.

Wa kwanza kuiona ni msimulizi, akiwa na anayemwamini, si mbele ya kikundi. Akisema ondoa, ondoa. Akisema futa yote, futa mbele yake.

Hatua ya 9: Kuonyesha

Mwonyeshe mwenyekiti siku mbili tatu kabla. Kiongozi aliyeviziwa hadharani hujitetea, na akishajitetea mbele ya watu ni vigumu kurudi nyuma. Mwambie ana nafasi ya kujibu. Kuhariri hana.

Mahali pazuri kuliko ukumbi wa kata ni pale watu wanapokaa tayari. Kibanda umiza kina skrini, spika na mabenchi, na mwenyewe anaweza kukupa nusu saa kabla ya mechi. Ila angalia kama mwenye kiti mwendo anaingia, na kama wanawake wa mtaa huo hukanyaga pale. Vinginevyo tundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa baada ya isha. Beba spika yenye betri na faili kwenye flashi na kwenye simu mbili. Umeme ukikatika na projekta ikigoma, simulizi isikilizwe kwa sauti tu. Inatosha.

Onyesha tatu, si kumi. Msimulizi aamue kama atasimama au atakaa kimya gizani. Swali la kwanza wape majirani, si viongozi: nani mwingine limemkuta hili? Zikishapita sauti tano au sita, ndipo mwenyekiti aombwe kujibu. Kama kuna mzee wa mtaa anayependa kufunga mjadala kwa nasaha, mpe nafasi mwanzoni afungue.

Halafu fanya jambo ambalo warsha nyingi husahau: hakikisha katibu anaandika kwenye muhtasari. Nini kitafanyika, nani atafanya, hadi lini. "Limepokelewa" si uamuzi. Kinachozidi uwezo wa mtaa kiandikwe kwamba kinapelekwa Kamati ya Maendeleo ya Kata, na diwani ajulishwe. Omba nakala.

Hatua ya 10: Baada ya hapo

Sambaza kwa kadiri ya ridhaa. Tengeneza toleo dogo lisilozidi MB 16 kwa WhatsApp, na la sauti tu kwa wenye simu za kitochi wanaopokea kwa Bluetooth au memori kadi. Msimulizi abaki na nakala yake, hata kama hana simu janja. Mpe kwenye flashi. Angalau vijana wawili wa mtaa wajue hatua zote hizi, la sivyo kazi itaondoka na wewe.

Mpitie msimulizi wiki ya kwanza. Uliza majirani wanamsemesha vipi, kama kuna aliyemtania au kumtisha. Kuhusu mafanikio, usihesabu waliotazama. Hesabu waliosema mkutanoni kwa mara ya kwanza, na angalia mbao za kidaraja.

Tarehe iliyoandikwa ikipita bila kazi kufanyika, mkutano unaofuata ichezeni tena simulizi ile ile, kisha katibu asome kwa sauti muhtasari wa mkutano uliopita.